Mwaka wa Kuusikiliza Mkate

Nyumba ya Tanuri,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili ya mwisho ya Januari.

Mpendwa Dada yangu,

Shikamoo, na hii ni shikamoo ya kusimama na kuvua kofia, si ile ya kurushiana kwenye simu. U hali gani huko uliko? Mgongo wa shemeji umetulia, au bado anakula amesimama kama mlinzi wa lango? Wodi yenu imekupa mapumziko japo kidogo, au bado unarudi nyumbani miguu imevimba? Na wapwa zangu je, wanakula vizuri? Sisi huku ni wazima. Wifi yako ameniamuru niandike kwamba amepungua unene. Nimeandika.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu nimeijaribu, Dada. Kila nikitaka kukwambia jambo hili, ama mtandao unakatika, ama wewe unaitwa na mgonjwa, nami nabaki na neno mdomoni. Basi nimeketi mezani, nimezima kila kinachoweza kupiga kelele, na wifi yako amefunga mlango kwa nje kama mtu aliyemfungia mbuzi.

Uliniuliza mwezi uliopita kwa nini sauti yangu imekuwa ndogo. Nikakujibu kwamba ni mafua. Mafua yenyewe yalikwisha zamani, ila yalipoondoka yaliondoka na pua yangu. Usicheke. Pua ipo pale pale, kubwa ile ile mliyokuwa mkinitania nayo utotoni. Kilichopotea ni kazi yake. Sinusi kitu, Dada. Si sabuni, si moshi, si kahawa, si mkate.

Wifi yako aligundua kabla sijamwambia. Siku moja alirudi kutoka dukani akanikuta jikoni nimekaa napiga mluzi, na kando yangu sufuria ya maziwa imeungua hadi imekuwa nyeusi. Nyumba nzima imejaa harufu, majirani wanafungua madirisha, na mimi napiga mluzi. Alisimama mlangoni akanitazama, akashika tama. Siku ya pili akanipeleka kwa daktari wa pua na masikio. Daktari alinimulika, akanipa chupa ya dawa ya kupuliza, akasema huenda itarudi, na huenda isirudi. Nikamuuliza ni lini nitajua. Akasema hata yeye hajui, na nilimpenda kwa kusema kweli.

Kwa mtu mwingine ingekuwa hasara ya kawaida. Lakini wewe unaijua nyumba hii. Unamkumbuka Baba na saa. Yule mteja aliyemzawadia saa ya ukutani, Baba akamshukuru sana, akaipeleka moja kwa moja chumbani kwa Mama, asiione tena. Alikuwa akisema tanuri la kuni halijui saa. Leo kuni kavu, kesho kuni zina maji ndani. Leo joto limekaa nyuma, kesho limekaa mlangoni. Ndiyo maana alitufundisha hasa kwa pua, mimi na wewe tukiwa tumesimama juu ya debe: unga uliochachuka vya kutosha unanukia hivi, uliopitiliza unanukia vile, mkate uko tayari pale harufu inapogeuka na kuwa kama karanga zilizokaangwa. Mpaka mafua yale, Dada, hapakuwa na saa katika chumba cha tanuri. Basi mwokaji asiye na pua katika nyumba isiyo na saa, wewe mwenyewe piga hesabu.

Mambo yaliharibika upesi. Siku moja niliingiza mikate ya unga uliochachuka kupita kiasi, na mama mwenye mgahawa wa kona akairudisha kreti nzima. Hakugomba. Aliiweka kaunta akaniuliza kama tuna msiba, na swali hilo liliniuma kuliko matusi. Siku nyingine tanuri zima likatoa mkaa. Nikapiga moyo konde nikanunua saa, Baba anisamehe huko aliko. Saa ikanifundisha kuunguza mikate kwa wakati ule ule kila siku.

Wifi yako akajaribu kuwa pua yangu. Nikawa namwita kutoka dukani, “Mama, njoo unuse!” Anaacha wateja, anakuja na goti lake bovu, ananusa, anasema, “Unanukia mkate.” Namuuliza mkate wa namna gani, mbichi au ulioiva? Anasema, “Mkate ni mkate, baba, nina watu dirishani.” Na yule mkandaji wetu, tuliyempa jina la Spika kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, naye hanifai, maana pua yake aliiua mwenyewe kwa sigara tangu ujana.

Mwisho wifi yako akaniketisha. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Kuanzia Jumatatu ya tatu ya Januari, gari la kiwanda lingeleta mikate ya kiwandani asubuhi, nasi tungeiuza dirishani. Tanuri tungelizima. Spika angetafuta kazi kwingine. Nilikubali, Dada. Ningesema nini? Lakini unajua tanuri la matofali likilala baridi muda mrefu linavyonyonya unyevu, na matofali yanavyoanza kuachana. Lile halijapoa tangu Baba alipolijenga. Nilikuwa naliangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa wake akijua kwamba madaktari wameshazungumza.

Sasa sikiliza lililotokea, kwa sababu mpaka leo mwili unanisisimka.

Binti yetu, yule wa ofisi ya bima, alikuja kukaa nasi siku za mwaka mpya. Kazini kwao wamefundishwa mambo ya kutuliza akili. Kila mtu anachagua jambo moja dogo analolifanya kila siku, halafu mwaka huu analifanya kwa akili yote, bila simu, bila redio, bila kufikiria jambo linalofuata. Nilimwuliza kama na mishahara wanalipwa kwa kukaa wamefumba macho. Akasema, “Baba, we chagua tu. Kitu kidogo. Utanishukuru.” Nikachagua kunawa mikono kabla ya kukanda, maana nilijua ni jambo ambalo hata nikilifanya vibaya hakuna mkate utakaoungua.

Basi asubuhi ya kwanza nikanawa. Nakwambia kweli tupu, nilikuwa nanawa kwa mzaha, ili jioni nimcheke. Maji yakapita juu ya mikono hii. Nikaiona. Unajua tangu lini sijaitazama mikono yangu? Nikaona kovu la koleo, nikaona unga wa jana umejificha kwenye mikunjo ya kidole, nikaona mkono wangu wa kushoto umekuwa mkono wa Baba, kucha kwa kucha. Maji yalikuwa baridi pembeni ya kiganja na ya uvuguvugu katikati. Nilisimama pale hadi Spika akauliza kama bomba limeharibika.

Siku zile za mwanzo nilikuwa nasahau mara kwa mara. Nanawa huku nawaza gari la kiwanda, nafika kwenye taulo sijui nilifikaje. Binti akasema ndivyo ilivyo, unarudi tu, hakuna anayekugombeza. Nikarudi. Nikaongeza la pili: kukanda bila redio. Hapo ndipo vita vilipoanza, kwa sababu kuzima redio ni kidole kimoja, lakini kumzima Spika ni kazi ya serikali nzima. Nilimwomba anyamaze tu kwa muda wa kukanda na kutoa mikate. Alikunja uso kana kwamba nimempunguzia mshahara. “Bosi, nikinyamaza nitaumwa,” akasema. Nikamwambia aende nje akaongee na kuni. Akaenda kweli, na kuni akazipasua vizuri kuliko siku zote.

Kimya kile, Dada, sikuwa nakijua. Nimefanya kazi mle tangu nikiwa juu ya debe, na sijawahi kukaa mle kimya. Nilianza kuona vitu. Unga mzuri ukiubonyeza kwa kidole, shimo linarudi polepole kama mtu anayeamka bila haraka. Uliopitiliza, shimo linabaki pale pale limekata tamaa. Hilo Baba alitufundisha, ila nililiacha kwa kuwa pua ilikuwa inanitosha. Joto la tanuri likiwa sawa linanigonga paji la uso, na likiwa dogo linaishia kidevuni. Haya yote yalikuwa yapo. Yalikuwa yakinisubiri.

Lakini si hayo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Asubuhi moja, jua halijachomoza sawasawa, nilitoa mikate kwa koleo, nikaipanga kwenye chanja. Spika yuko nje na kuni zake. Kwa kawaida wakati huo mimi huwa nimeshageukia kundi la pili. Siku ile nilisimama tu, mikono imening'inia, kwa sababu nilikuwa nimejiahidi kumaliza jambo moja kabla ya kushika jingine. Nikasikia sauti. Ndogo sana. Tik. Halafu tik, ta, tik. Nikadhani ni panya. Nikainama chini ya chanja, hakuna panya. Nikadhani ni mbao za dari. Nikasogea, sauti ikaongezeka. Nikaweka sikio karibu na mkate hadi joto likaniunguza shavu.

Ni mkate, Dada. Mkate ulikuwa unatatarika. Ganda lake lilikuwa linapoa na kupasuka nyufa ndogo ndogo, na kila ufa ulikuwa na sauti yake, na chanja nzima ilikuwa ikitoa sauti hiyo, mikate yote kwa pamoja, kama mvua inapoanza kudondoka kwenye majani makavu. Nywele zilinisimama. Nilivua kofia, sijui kwa nini. Nilisimama mbele ya mikate yangu nimevua kofia, macho yananitoka.

Umri wangu wote! Kila siku ya Mungu mikate ile imekuwa ikifanya vile nyuma ya mgongo wangu, redio ikiimba, Spika akitangaza mpira, mimi nikiwaza deni na mvua. Hata siku moja haikukosa. Nilisikia woga kidogo, woga mzuri, wa mtu aliyegundua kwamba chumba alichozaliwa kina chumba kingine ndani yake.

Halafu nikamkumbuka Baba. Unakumbuka alivyokuwa akitufukuza mikate ikitoka? “Tokeni, acheni mkate upumzike,” halafu anafunga mlango, anabaki ndani peke yake. Sisi tulidhani anahesabu pesa. Wewe uliwahi kusema anakula ule wa kwanza kwa siri. Sasa sijui. Nimekaa na wazo hilo tangu siku ile. Kama alikuwa anasikiliza, kwa nini hakutuambia? Au ni jambo ambalo mtu haambiwi? Ukikumbuka lolote niandikie, hata kama ni dogo.

Nilimwita Spika. Nikamwekea kidole mdomoni, nikamwonyesha sikio. Alisikiliza. Dada, mtu yule alinyamaza! Alinyamaza hadi nikaogopa. Halafu akanong'ona, “Bosi, inalia.” Akauliza tena, kwa sauti ya mtoto, “Inalia kila siku?” Tangu hapo mikate ikitoka simwambii anyamaze. Yeye ndiye ananyamazisha watu, hata muuza mayai akija kubisha hodi anazomewa.

Kutoka hapo nikaanza kujifunza. Mkate ulioiva sawasawa unatatarika mara tu unapotoka na unaendelea kwa muda. Ule ambao bado una ubichi ndani ni bubu, ganda lake limelegea, halina la kusema. Basi nikapata dawa. Natoa mmoja wa mbele, naugonga chini kwa kidole kusikia kama unatoa sauti ya kitu kitupu, kisha nauweka sikioni. Ukinyamaza, naurudisha na wenzake waendelee. Ukianza kusema, natoa wote. Siku ya kwanza nilikosea nikaurudisha mara nyingi mno, ukawa jiwe, Spika akautumia kuzuia mlango. Siku ya pili nilikosea kidogo. Siku zilizofuata nilikuwa natoka jasho si kwa joto, bali kwa kusubiri sauti ile.

Kuna mengine yaliyonipata njiani, nitayasema kwa kifupi. Nakunywa chai nikiwa nakunywa chai tu. Mara ya kwanza niliitazama sukari ikiyeyuka hadi chai ikapoa, na wifi yako akauliza kama kuna mtu humo ndani ananiita. Simu naiacha kabatini hadi duka lifungwe. Nimegundua kwamba wifi yako akipanda ngazi goti linamuuma kwenye ile ya mwisho tu, kwa hiyo nimemtengenezea ubao wa kukanyagia. Nimeishi naye muda wote huu, Dada, na sikuwa nimeliona goti lake. Nilikuwa nalisikia analilalamikia, basi.

Ikafika Jumatatu ya tatu. Sikumwambia wifi yako kitu, kwa sababu sikuwa na uhakika, na sikutaka kumpa tumaini halafu nimnyang'anye. Niliwasha tanuri kama kawaida. Yeye akajua naliaga. Alikuja akakaa juu ya gunia la unga, jambo ambalo halifanyi, akiwa ameshavaa aproni ya dukani. Moyo ulinidunda hadi nilidhani utanizuia kusikia. Nikatoa mkate wa mbele. Nikaugonga. Nikauweka sikioni. Kimya. Spika naye kimya, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nikaurudisha. Wifi yako akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Nikasubiri kwa paji la uso. Nikautoa tena, nikauweka sikioni, na ukasema.

Nikatoa wote. Chanja mbili zikajaa, zikaanza. Wifi yako alisimama. Sikuhitaji kumwonyesha kitu, aliusogelea ukuta ule wa mikate kwa miguu yake mwenyewe, akainama, mkono kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akauvunja mmoja, mvuke ukamfunika uso, akatafuna taratibu. Nje honi ya gari la kiwanda ikalia. Akaenda mlangoni na mkate wake mkononi. Nilimsikia akisema, “Samahani sana, baba. Rudi nayo tu. Wetu umeshaiva.” Dereva akauliza na kesho je. Akasema, “Na kesho pia.” Spika akatoka nyuma. Alisema anakwenda kuangalia kuni, lakini kuni zilikuwa tele.

Wifi yako aliporudi kutoka mlangoni nilimwambia ukweli, kwamba nimefurahi, ila inaniuma kuwa mkate ni wangu na siujui tena unavyonukia. Akaketi tena juu ya gunia, akanivuta niketi kando yake. Dukani watu walikuwa wameanza kugonga dirisha, akawaacha wagonge. Akaunusa ule mkate, akafumba macho, akaanza kunieleza. Mtu yule aliyekuwa akisema mkate ni mkate! Alisema mwanzo ni kama shuka iliyotoka juani. Akanusa tena. Akasema chini yake kuna utamu, si wa sukari, ule wa nafaka ikiwa bado changa. Akanusa tena, akaushusha mkate mapajani, nikadhani amemaliza.

Akasema, “Na mwisho wake ni wewe. Ukiingia nyumbani unanukia hivi hivi. Siku zote ndivyo ninavyojua umefika, hata kabla hujafungua mdomo.”

Nililia, Dada, na sioni aibu kukwambia. Kila asubuhi sasa, kabla ya kufungua dirisha, ananieleza harufu ya siku hiyo, na kila siku anakuta jambo jipya. Daktari anasema tusubiri. Nasubiri, sawa, lakini siku hizi nasahau kuwa nasubiri.

Msalimie sana shemeji, mwambie akae chini ale. Wabusu wapwa zangu wote, na yule mdogo mwambie mjomba wake anaongea na mikate. Binti yetu anakusalimu shangazi yake kwa heshima zote, na anatembea kifua mbele tangu siku ile. Wifi yako anasema mbona sijaandika habari ya unene mara ya pili. Spika anakusalimu kwa maneno mengi ambayo bahasha haitoshi.

Mungu akulinde uendako na urudipo, aitulize miguu yako, na akujalie kusikia kila jema linalokuzunguka huko uliko.

Wako akupendaye kwa moyo wote,

Mdogo wako wa tanuri